Bibi Kabadilika Ghafla? Vidokezo 9 kwa Mjukuu Mwenye Haraka

Juzi tu alikuwa uani anachambua mchicha, huku akikusimanga kwa nini hujaoa. Leo shangazi amekupigia simu uko kazini: bibi haelewi yuko wapi, hataki kula, miguu haimbebi. Kazi zimekujaa, nauli haitoshi, na moyo unadunda. Vuta pumzi, mjukuu. Haya hapa ya kukutoa.

1. Kataa "ni uzee tu"

Hili utaambiwa na watu kumi kabla hujafika stendi. Usikubali! Uzee hauna tabia ya kuingia Jumanne usiku na kumaliza kazi Jumatano asubuhi. Mzee akibadilika ndani ya masaa au siku chache, mara nyingi kuna kitu kimemfanya abadilike, na vingi kati ya hivyo vinatibika: nimonia, malaria, upungufu wa maji, dawa mpya aliyoanzishwa, hata choo kigumu cha wiki nzima. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ndiyo hodari wa kujificha. Kijana atalia kwamba mkojo unaunguza. Mzee anaweza asilalamike wala asipate homa, akaanza tu kuweweseka na kuongea na watu ambao hawapo. Jirani ataanza kuulizia nani kamroga. Wewe peleka mkojo maabara.

Ukifika kwa daktari, usiseme "bibi anaumwa". Sema: "Jumapili alipika mwenyewe, leo hajui jina langu." Sentensi hiyo inamwambia daktari kwamba mambo yameanza karibuni, na hatakimbilia kuandika uzee.

2. Uso, mkono, maneno

Yakariri haya kama namba yako ya simu. Mwambie atabasamu: je, mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi fupi: je, maneno yanavurugika? Hata jibu moja likiwa ndiyo, chukulia ni kiharusi na muondoke sasa hivi. Kama ni kile cha damu kuganda, dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena katika hospitali zenye kipimo cha CT-skani na wataalamu wake. Kwa hiyo andika kwenye simu saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Hilo ni kati ya maswali ya kwanza mtakayoulizwa. Msimkande, msimpe chai "apate nguvu", na msimpe aspirini kabla ya kipimo. Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayelala mtaa huohuo iwe kwenye simu ya kila mtu pale nyumbani.

3. Ana kisukari? Pima kwanza, jadilini baadaye

Mzee amepoteza hamu ya kula, lakini kwa utiifu wake wote anaendelea kumeza glibenklamidi au kuchoma insulini. Matokeo: sukari inashuka, anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo. Mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L na bado yuko macho na anameza vizuri, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni, kimbieni hospitali. Na hata akizinduka nyumbani, daktari lazima ajue, maana huenda dozi inahitaji kupunguzwa.

4. Kusanya dawa zote kwenye mfuko mmoja

Zote! Za presha, zile za chini ya mto, za dukani, mitishamba aliyoletewa kutoka kijijini, na diklofenaki ya magoti ambayo "ni ya kawaida tu". Si ya kawaida kwa mzee: inaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kutoboa tumbo. Usisafishe mfuko kwa aibu kabla ya kumwonyesha daktari. Piga pia picha ya kila pakiti, ili ukiwa mbali uweze kujibu swali la nesi ukiwa kwenye daladala.

5. Umri wake una faida, utumie

Kwa sera ya wazee ya Tanzania ya mwaka 2003, mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee. Ulizia mapokezi kabla ya kujipanga kwenye foleni ndefu, na ubebe kitambulisho chake. Mzee asiyejiweza anastahili matibabu bila malipo. Ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji ndiyo mahali pa kuanzia kutambuliwa. Kuhusu bima, usikimbilie kadi yako: kwa utaratibu uliozoeleka wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa watumishi, ni mtoto wake, yaani baba au shangazi yako, anayemwandikisha kama mzazi. Na kama yuko Zanzibar na ametimiza miaka 70, hakikisheni ameandikishwa kwenye pencheni jamii, iliyoanza mwaka 2016.

6. Grupu la familia lipate msemaji

Unalijua lile grupu. Baba mdogo wa Dubai anashauri asali na vitunguu saumu, binamu anatuma dua ya kusambaza kwa watu saba, hakuna aliyelipia kipimo. Chagueni mmoja wa kuongea na daktari na mmoja wa kushika pesa, wasiwe mtu yuleyule. Msemaji atume ujumbe mmoja kila jioni: amekula nini, ameambiwa nini, kesho nini. Wengine waandike "Amina" na kutuma mchango.

7. Fanya ukarabati wa jioni moja

Ondoa mkeka unaoteleza mlangoni. Weka taa ya sola njia ya kwenda chooni. Choo ni cha kuchuchumaa? Fundi akate tundu kwenye kiti imara cha mbao, kiwekwe juu yake. Heshima ya mzee imerudi kwa gharama ndogo. Kama haamki kitandani, mgeuzeni kila baada ya masaa mawili ili asipate vidonda vya mgongo na makalio. Akila aketi wima, na abaki hivyo nusu saa, la sivyo uji unaweza kuingia njia ya hewa.

8. Usiache utani

Bibi amekuita "mume wangu" tangu ukiwa chekechea, halafu leo unaingia chumbani na uso wa msibani? Atajua mmeshakata tamaa. Mtanie! Mwambie mahari yake bado unaitafuta. Akichanganya majina, usimsahihishe kila dakika. Jitambulishe taratibu, "Mimi mjukuu wako, nimetoka Morogoro," mwendelee. Na maamuzi yamhusuyo mwulizeni yeye angali anaweza kujibu: anataka kulala kwa nani, nani amwogeshe, akizidiwa apelekwe wapi. Familia nyingi hujadili haya sebuleni huku mwenyewe yuko chumba cha pili anasikiliza.

Ikiwa daktari amesema ugonjwa hauponi, ulizeni tiba shufaa. Ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine, si ya kumsindikiza mtu haraka. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam ni mojawapo ya sehemu zinazoitoa, ikiwemo mofini ya kunywa.

9. Zamu ziandikwe

Zisipoandikwa, zote humwangukia binti asiye na ajira, na kila mtu hujifanya hakuona. Pangeni kwenye karatasi, ibandikwe ukutani: nani usiku, nani Jumamosi, nani anayelipa msaidizi badala ya kuja. Aliye mbali achangie pesa. Aliye karibu apewe siku nzima ya kulala bila kuulizwa. Wanaume nao wamo, kuosha vyombo vya mgonjwa hakuhitaji kanga. Jumamosi hii hakuna aliyejiandika? Andika jina lako, kisha mpigie shangazi umwambie akapumzike.