Kuomba Nafasi ya Kujitolea Hospitalini Marekani: Mwongozo kwa Anayesoma Huku Akifanya Kazi

Kwa aliyezoea utaratibu wa chuo cha Muhimbili nchini Tanzania, ambako mhitimu wa kidato cha sita mwenye alama nzuri huingia moja kwa moja kwenye shahada ya udaktari ya miaka 5, mambo ya Marekani huchanganya. Huko udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka 4, hupita kwenye biolojia, kemia na fizikia, hufanya mtihani wa MCAT, ndipo aombe chuo cha udaktari na kuanza miaka mingine 4. Katika ile miaka ya mwanzo huitwa pre-med, yaani yuko njiani tu. Na vyuo vya udaktari vinataka kuona kwamba huyo aliye njiani ameshakaa karibu na wagonjwa. Njia iliyozoeleka ni kujitolea hospitalini, na ndiyo maana hospitali kubwa zilizo jirani na vyuo hupata waombaji wengi kuliko nafasi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa msemaji wa Kiswahili aliyeko Minneapolis, Dallas au Columbus, ambaye mchana yuko darasani na usiku yuko zamu katika nyumba ya wazee kama msaidizi wa uuguzi, CNA.

Jiulize kwanza kama nafasi hiyo unaihitaji kweli. Fomu ya AMCAS, inayotumiwa na vyuo vingi vya udaktari, inaruhusu shughuli 15, na kazi ya kuhudumia wagonjwa yenye mshahara ina fungu lake. Aliyekesha miaka 2 akigeuza wagonjwa vitandani na kuwabadilishia mashuka amewafahamu wagonjwa kuliko mwenzake aliyepita wodini mara kumi na kigari cha maji. Wengi wetu tunaionea haya kazi ya CNA na kuiandika mwishoni kabisa. Iandike juu. Kujitolea kunaongeza mambo mawili ambayo kazi hiyo haikupi: kuiona hospitali kwa ndani, na kuonyesha kwamba unatoa muda wako bila kulipwa. Kwa hayo mawili, zamu moja ya saa 3 au 4 kwa wiki inatosha.

Anayesoma maombi yako ni mratibu wa wanaojitolea, na yeye hatafuti mwanafunzi mwenye akili kuliko wote. Anatafuta atakayefika. Hospitali imegharamia uchunguzi wa rekodi yake ya jinai, mafunzo na kitambulisho. Akipotea wiki ya mitihani, gharama hiyo imekwenda na maji. Kwa hiyo anza na ratiba yako kabla ya fomu. Kama Ijumaa unakesha kazini, usiahidi Jumamosi asubuhi, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Subiri dirisha lijalo la maombi. Hospitali nyingi hufungua kwa misimu, na tarehe ya kufungwa huwa mapema kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu idara, kila mmoja anataka ya dharura. Huko anayejitolea mara nyingi huishia kupanga mablanketi na kufuta vitanda huku madaktari wakimpita mbio. Ushauri wangu ni kutafuta programu za kukaa na wagonjwa. Ulizia kama hospitali ina HELP, mpango ulioanzishwa na Dkt. Sharon Inouye huko Yale mwaka 1993. Wanaojitolea huwatembelea wazee waliolazwa, huwakumbusha siku na mahali walipo, huhakikisha wamevaa miwani na vifaa vya kusikia, huwasaidia kula na kutembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa wazee waliochanganyikiwa ghafla wakiwa wodini walikuwa asilimia 9.9 chini ya mpango huo, dhidi ya 15 kwa huduma ya kawaida. Pia kuna No One Dies Alone, ulioanzia Eugene, Oregon, mwaka 2001 kwa juhudi za nesi Sandra Clarke, ambapo watu hukaa kwa zamu kando ya mgonjwa anayekata roho bila ndugu. Anayetoka kwenye jamii ambayo mgonjwa haachwi peke yake hatahitaji kueleza sana kwa nini amechagua hilo.

Sasa insha. Sentensi inayowachosha waratibu ni hii: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa daktari ili nisaidie watu." Hata kama ni kweli, haimtofautishi mtu na mwingine. Linganisha na hii: "Ninakofanya kazi kuna mzee aliyekuwa akikataa chakula kila jioni. Nikagundua kwamba nikimsogezea kiti dirishani na kumwashia redio, anamaliza nusu sahani. Ningependa kuona hospitali inafanyaje kwa mgonjwa wa namna hiyo." Hapo mratibu ameshaona mtu mwenye macho na subira. Angalia pia kisichoandikwa: jina la mzee, ugonjwa wake, jina la nyumba ya wazee. Sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 inalinda siri za mgonjwa, na anayezimwaga kwenye insha ya maombi ameshajikosesha nafasi.

Wadhamini wawe wawili, mmoja awe msimamizi wako wa kazini. Mwombe wiki 3 kabla.

Usaili una mitego miwili kwa watu wetu. Wa kwanza ni wa CNA. Utaulizwa: mgonjwa anataka kushuka kitandani na nesi hayuko karibu, utafanya nini? Mikono yako imezoea kushika na kuinua, na ulimi utakuponyoka: "Nitamsaidia." Jibu hilo ni kosa. Anayejitolea habebi mgonjwa asiporuhusiwa. Anabonyeza kengele, anabaki pale, anaongea naye mpaka nesi afike. Hata maji ya kunywa huulizwa kwanza, kwani huenda mgonjwa anasubiri upasuaji au hupaliwa. Mtego wa pili ni lugha. Ukitaja kwamba unajua Kiswahili, Kinyarwanda au Kirundi, usiahidi kuwatafsiria wagonjwa. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa na sheria kutumia wakalimani waliohitimu. Sema utawasalimia, utawatuliza, na utamwita mkalimani. Ukipenda kazi hiyo, ni njia nyingine kabisa: mafunzo ya saa 40 ni sharti mojawapo la cheti cha ukalimani wa hospitali, na kazi hiyo ina malipo.

Aliye kwa viza ya F-1 apite ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kabla ya kukubali lolote. Nafasi isiwe na malipo ya aina yoyote, na isiwe ile ambayo kwa kawaida mtu huajiriwa kuifanya.

Panapowaangusha wengi zaidi ni vipimo na chanjo. Utapimwa kifua kikuu. Ukipewa kile kipimo cha kuchomwa chini ya ngozi ya mkono, kumbuka lile kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu: kinaweza kuvimba na kuonyesha kwamba una maambukizi wakati huna, ukapelekwa kupigwa picha ya kifua na wiki zikakatika. Omba kipimo cha damu, ambacho BCG haikivurugi. Kisha utatakiwa uthibitisho wa kinga ya surua, rubela, matumbwitumbwi na tetekuwanga. Ratiba za chanjo za watoto Tanzania na Kenya hazina hayo mawili ya mwisho. Kama uliugua tetekuwanga utotoni, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kinga. Kama huna kinga, chanjo ni dozi 2 zinazopishana wiki 4, na baada ya dozi hizo kipimo cha kifua kikuu hufanywa siku hiyohiyo au husubiri wiki nyingine 4. Mtu asiye na karatasi yoyote anahitaji karibu miezi 2 kukamilisha.

Lakini huenda karatasi unazo bila kujua. Mwajiri wako wa nyumba ya wazee ana majibu ya kipimo cha kifua kikuu kwenye faili lako, omba nakala. Aliyepata makazi ya kudumu akiwa ndani ya Marekani alijaziwa fomu I-693 na daktari, na chanjo zimeorodheshwa humo. Kadi ya kliniki ya utotoni huenda bado iko kwenye sanduku nyumbani. Mpigie mama simu wiki hii, aipige picha pande zote mbili, kabla hujafungua fomu ya hospitali yoyote.