MTOTO AKINYAMAZA SI KWAMBA HAUMWI

Leo tujifunze juu ya maumivu ya mtoto aliyelazwa hospitali.

Zamani madaktari wengi waliamini kuwa mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Wengine walimpasua bila dawa ya kutosha. Katika miaka ya 1980 uchunguzi ulionyesha kuwa naye huumia, tena sana.

Muuguzi hupimaje maumivu?

Kwa mtoto mchanga, muuguzi hutazama uso uliokunjamana, miguu inayorushwa na kilio kisichobembelezeka. Mtoto wa miaka 3 na zaidi huonyeshwa picha ya nyuso 6. Uso wa kwanza unacheka, wa mwisho unatoa machozi. Mtoto hugusa uso unaofanana na hali yake.

Lakini wako watoto wanaoumwa na kunyamaza. Tuchukue mfano wa mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto. Amelala kimya. Hachezi, hali, hataki kuguswa. Mama anasema, "Afadhali, leo ametulia." Kumbe amechoka kulia, au anaogopa. Maana nyumbani tulimwambia, "Ukilia, nesi atakuchoma sindano!" Sasa atamwambiaje nesi kuwa anaumwa?

Kwa nini tusingoje maumivu yaishe yenyewe?

Mtoto mwenye maumivu halali vizuri wala hali. Hataki kunyosha mkono ulioungua, na mkono usiponyoshwa unaweza kukakamaa. Hapo mtoto anapata kilema.

Dawa zipo. Kwa maumivu madogo hutolewa parasetamoli. Kwa maumivu makali hutolewa mofini. Usiiogope mofini ikitolewa na mtaalamu. Kipimo hutokana na uzito wa mtoto, ndiyo maana hupimwa kwenye mizani. Dawa hutolewa kwa saa zake, haingojwi mtoto alie. Kabla ya kusafisha kidonda, muuguzi humpa mtoto dawa kwanza, akangoja ifanye kazi.

Mzazi afanye nini?

1. Mweleze muuguzi kila badiliko: mtoto halali, hachezi, anashika mahali pamoja. Wewe ndiwe unayemjua mwanao.
2. Usimpe dawa uliyokuja nayo bila kumwuliza muuguzi. Aspirini inaweza kumdhuru mtoto ini na ubongo.
3. Usimdanganye kuwa sindano haiumi. Mwambie, "Itauma kidogo, mimi niko hapa."
4. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati wa sindano, maumivu hupungua. Mkubwa mshike mkono, msimulie hadithi.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tumwulize anayekilalia.

MASWALI
1. Taja dalili tatu za mtoto anayeumwa lakini halii.
2. Kwa nini si vizuri kumtisha mtoto kwa sindano?
3. Kwa nini mtoto hupimwa uzito kabla ya kupewa dawa?