Macho Baada ya Upasuaji wa Moyo

Tuseme dada yako amerudi nyumbani Msimbati. Amebadilishiwa valvu ya moyo kule Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Jioni anakuuliza, "Mbona naona vimulimuli na ukungu?" Jirani anasema karogwa. Sivyo!

Baada ya upasuaji wa moyo, wengine huona ukungu au mistari inayometameta. Mara nyingi huisha ndani ya wiki chache. Asikimbilie miwani, ila amweleze daktari.

Anaona vitu kwa rangi ya njano au kijani? Kama anameza digoksini, huenda imezidi mwilini. Amwone daktari siku hiyo hiyo.

HATARI! Jicho likizima ghafla, mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, huenda ni kiharusi. Hata dalili zikipotea, msingoje asubuhi. Mpelekeni Hospitali ya Ligula, Mtwara.

Dawa ya kuzuia damu isigande asiiache mwenyewe. Damu ikiganda kwenye valvu, bonge laweza kufika kwenye ubongo au jicho.

Zoezi: Ni usiku, mko wawili tu. Utaita gari la nani?