Menyu ya Tarakilishi kwa Kiswahili: Somo la Linux kutoka Kiirua

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili, hata asiyejua kuunda programu, anaweza kuifanya menyu ya tarakilishi yake isomeke kwa Kiswahili. Suala hili lilinijia likizoni, nyumbani Kiirua, Meru. Binamu yangu alikuwa ameagizwa kuandika insha ya Kiswahili. Alitazama menyu kisha akaniuliza, "Kaka, kwani Kiswahili hakifai humu ndani?"

Jibu la kihistoria lipo. Mnamo mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu huria ya ofisi. Hili liliwezekana kwa sababu leseni huria humruhusu yeyote kuisoma programu, kuibadili na kuisambaza.

Jibu la kivitendo ni jepesi zaidi. Katika Linux, kila jina la programu lionekanalo kwenye menyu hutoka katika faili ndogo ya maandishi yenye kiambishi tamati .desktop. Faili hizo kwa kawaida hukaa katika kabrasha la /usr/share/applications. Hatua ni hizi:

1. Nakili faili ya programu unayoitaka, kwa mfano libreoffice-writer.desktop, uibandike katika kabrasha lako la ~/.local/share/applications. Nakala hii huishinda ile ya awali, na huhitaji nywila ya msimamizi.
2. Ifungue kwa kihariri matini. Chini ya mstari wa Name= ongeza mstari wa Name[sw]= ukifuatwa na jina la Kiswahili. Usiuguse mstari wa Exec=, kwani ndio unaoiamuru programu ifunguke.
3. Hifadhi. Jina jipya litaonekana iwapo lugha ya mfumo ni Kiswahili, yaani sw_KE au sw_TZ. Mfumo ukiwa wa Kiingereza, badilisha mstari wa Name= wenyewe.

Programu uliyoiweka mwenyewe bila kupitia hazina ya mfumo huenda ikahitaji kuandikiwa faili yake: chini ya kichwa cha [Desktop Entry], mistari ya Type=Application, Name=, Exec= na Icon= hutosha kuiingiza katika menyu.

Ugumu uliosalia ni wa kiisimu. Tuiiteje programu ya kuandikia? Nilipendekeza "Mwandishi", binamu akacheka: mwandishi ni mtu. Ngeli ya A-WA ilinisuta. Nikajaribu "Kiandikio", kwa mfano wa fagia na kifagio. Yeye akachagua "Insha", kwa kuwa ndiyo kazi iliyomkalisha pale. Neno lake ni finyu, kwani barua nazo huandikwa humo. Hata hivyo alilibofya bila kuuliza tena.

Hapa ndipo penye funzo kwetu. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, wala si kwa kuorodheshwa katika tasnifu tu. Kila mwanachama na aandike mistari mitano ya Name[sw]=, kisha aketi kando ya mtumiaji na kutazama ni lipi linalobofywa. Chanda chema huvikwa pete. Neno jema nalo livikwe kazi.