Mkandarasi Akiifungia Ploti Yako Mandera

Nyumba nyingi za mawe mjini Mandera hujengwa na mtu asiyekuwepo. Mwenyewe yuko Nairobi, Dubai au Minneapolis. Binamu yake ndiye anayesimamia simenti na mchanga, na hesabu na mkandarasi hufanywa kwa simu. Hesabu zikikataa, mkandarasi hutishia: "Hiyo ploti nitaifunga." Wengine huifunga kweli. Mwenye nyumba hujua siku anapotaka kuuza au kukopa, akakuta zuio kwenye rejista ya ardhi, kosheni kama wengi wanavyoliita.

Ndugu wa Minneapolis ndiye huogopa zaidi, kwa kuwa sheria ya Minnesota humruhusu mjenzi asiyelipwa kuandikisha dai lake juu ya nyumba yenyewe. Kenya haina sheria ya namna hiyo. Mkandarasi wa huku hukimbilia kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, na kifungu hicho kipo kwa ajili ya mtu anayedai haki ndani ya ardhi: mnunuzi aliyelipa na hajahamishiwa hati, kwa mfano. Pesa za plasta na mabati ni deni la mkataba tu, haziwi haki juu ya ploti, isipokuwa mliandikiana kwamba kazi ikiisha atakatiwa sehemu. Basi usome mkataba kabla ya kupandisha sauti.

Hakikisha pia kwamba zuio lipo. Ploti nyingi za Mandera zina barua ya ugawaji tu, na nyingine hazina hata hiyo; pasipo rejista, hakuna pa kuandika zuio. Maneno ya rangi nyekundu ukutani, "Ploti hii haiuzwi", yatamtisha mnunuzi lakini si zuio. Kama una hatimiliki, omba upekuzi rasmi, kisha uombe nakala ya hati ya kiapo aliyoiwasilisha mkandarasi. Kisheria msajili alipaswa kukuarifu kwa maandishi, ila barua iliyotumwa kwa sanduku la posta uliloacha kulilipia haitakufikia.

Zuio huondolewa na aliyeliweka, na msajili, au na mahakama. Mimi ningeanza na maslaha, yaani upatanishi wa wazee. Wazee wanaomjua mkandarasi na ukoo wake humaliza kwa kikao kimoja jambo ambalo mawakili wangelivuta miaka, na Katiba, ibara ya 159, inaitambua njia hiyo. Lakini kupeana mikono hakufuti rejista. Makubaliano yaandikwe, naye atie sahihi fomu ya kuondoa zuio na ipelekwe kwa msajili.

Akikataa, mwandikie msajili ombi chini ya kifungu cha 73. Atampelekea mkandarasi onyo lenye muda maalumu. Muda ukipita bila pingamizi, msajili anaweza kuliondoa zuio. Akipinga kwa maandishi, nyote mtasikilizwa. Hapo watu wengi hupotea: hubeba picha za nyufa na kulalamikia ukuta uliopinda. Swali mbele ya msajili ni moja, je, huyu ana haki gani juu ya ardhi hii? Mkataba na taarifa za M-Pesa zinazoonyesha malipo ya kazi ndizo zitakazojibu.

Mlango wa mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Garissa, safari ndefu yenye gharama zake. Kama zuio lisilo na msingi lilikuvunjia mauzo, kifungu cha 75 kinakuruhusu kudai fidia, kwa hiyo itunze barua ya mnunuzi aliyejitoa. Kadhi anaweza kuwapatanisha kama mzee anayeheshimiwa, lakini mahakama yake inahusika na ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu binafsi.

Na kama kweli unadaiwa? Mlipe. Usipomlipa, ana miaka 6 ya kukushtaki kwa mkataba, na dai lisilozidi shilingi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60.

Aliye ng'ambo atayarishe mapema hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Bila hiyo, binamu aliyesimamia kila tofali hawezi kutia sahihi ombi la kuondoa zuio kwa niaba yako.