Jinsi ya Kuita Msaada wa Afya Ulio Mbali

Leo tutajifunza juu ya msaada wa afya unaotoka mbali. Wengi wetu wa Karatu na Ngorongoro tunaishi mbali na hospitali kubwa. Kutoka Karatu mjini hadi Arusha ni karibu kilomita 140. Ukipita lango la Lodoare, barabara inapanda ukingo wa kreta kwa kona nyingi, na wakati wa masika ukungu huwa mzito hata mchana. Mwenye gari lake mlangoni anaweza kuruka somo hili. Linakuhusu wewe mwenye simu ndogo ya tochi na jirani mwenye pikipiki.

SIMU KUTOKA KILIMANI

Usiku mmoja wa masika simu yangu ililia. Mwanamume alisema kwa sauti ya kuhema, "Daktari, mama anaumwa sana. Njoo!"

Mimi si daktari. Ni tabibu msaidizi mwenye cheti. Lakini huku kwetu kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari, nami nimezoea. Nikamwuliza, "Mama yupi, baba? Unapiga kutoka boma gani?"

Akajibu, "Mke wangu. Amejifungua. Njoo!"

Nikamwuliza kama mke wake anatoka damu. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sijui, daktari. Mimi niko juu ya kilima. Yeye yuko chini, nyumbani."

Hapo simu ikakatika. Chaji ilikuwa imekwisha.

Utaelewa jambo hili kama unaishi mahali ambapo mtandao unapatikana kilimani tu. Ndugu yule alikuwa amepanda gizani karibu saa nzima. Kwa mila za kwao mwanamume haingii anapojifungulia mwanamke, kwa hiyo hakuwa ameona lolote. Ilimbidi ateremke, aazime simu ya jirani, awaulize akina mama waliokuwa ndani, kisha apande tena.

Simu ya pili haikuchukua hata dakika tatu. Alisema hivi: mke wake alijifungua jua lilipozama. Mtoto analia vizuri. Kondo la nyuma halijatoka. Damu imelowesha kanga tatu. Mama anaongea, lakini anasikia baridi na kiu. Boma lao liko nyuma ya shule, na gari linaweza kufika hadi kwenye korongo, si zaidi. Vijana wanne watambeba mama hadi korongoni na watasimama na tochi.

Maneno hayo yalitosha. Niliita gari, na mama alifika hospitali akaongezewa damu. Yu hai, na mtoto ametambaa tayari. Lakini muda wa saa mbili ulipotea bure kati ya simu ya kwanza na ya pili. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda huo huo wa saa mbili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujapanda kilima, tazama kwanza. Kama mila haikuruhusu kutazama, mwulize aliyetazama. Mtu wa upande wa pili wa simu hana macho. Anaona kwa macho yako tu. Atataka kujua mgonjwa ni nani na ana umri gani, nini kimetokea na tangu lini. Atataka kujua kama mgonjwa anaongea, kama anapumua vizuri, na kama anatoka damu kiasi gani. Usiseme "nyingi". Sema kanga ngapi. Kisha eleza mahali kwa kitu ambacho dereva mgeni atakiona: shule, kanisa, josho, bwawa. Mwisho taja namba ya simu itakayobaki wazi. Kama mgonjwa ni koko asiyejua Kiswahili, akae karibu na simu kijana wa kutafsiri.

Wakati wa kungoja gari, mama alale na afunikwe blanketi. Mtoto anyonye, kwa sababu kunyonya husaidia tumbo la uzazi kujikaza. Mama asaidiwe kukojoa. Mtu yeyote asivute kitovu ili kutoa kondo. Nimeona matokeo ya kuvuta, wala sitayaandika hapa.

SIMU YA UPEPO

Kuita daktari aliye mbali si jambo jipya. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Ndege zilitoka Nairobi. Lakini ndege haiwezi kujua wapi pana mgonjwa, na vituo vya porini havikuwa na simu. Ndipo vikawekewa redio za kuongelea, ambazo wazee wetu waliziita simu ya upepo. Mwuguzi wa porini alieleza hali ya mgonjwa, na daktari akaamua kama atatoa ushauri au atatuma ndege. Fikiri kidogo: hii ndiyo tiba kwa njia ya simu, na ina zaidi ya miaka 60 sasa.

Hapa mkoani Arusha, Huduma ya Tiba kwa Ndege, yaani Flying Medical Service, ilianza mwaka 1983. Kwa karibu miaka 40 ndege zake ndogo zilitua katika viwanja vya majani vya Umasaini, pamoja na Ngorongoro. Ziliwapelekea akina mama na watoto chanjo na kliniki, na zikabeba wagonjwa mahututi. Mwaka 2022 safari hizo zilisimamishwa. Akina mama waliozoea kusikiliza mlio wa ndege siku ya kliniki walingoja bila kuusikia. Ninalitaja jambo hili kwa sababu vijiji vingi vilikuwa vimejifunza mlango mmoja tu wa kubisha.

NAMBA 115 NA NANI ANALIPA

Mlango wa leo ni namba 115. Mpango wenyewe unaitwa m-mama. Ni wa wajawazito, akina mama waliojifungua karibuni, na watoto wachanga. Ulijaribiwa kuanzia mwaka 2013 katika Mkoa wa Shinyanga na Wilaya ya Sengerema. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma ili uenee nchi nzima.

Unavyofanya kazi ni hivi. Ukipiga 115 hulipi chochote. Anayepokea anakuuliza maswali, kama yale niliyomwuliza yule baba. Majibu yako yanamwonyesha kama ni hatari, na mgonjwa apelekwe kituo gani. Kama gari la wagonjwa lipo karibu, linatumwa. Kama halipo, anapigiwa dereva wa kijijini aliyeandikishwa. Dereva huyo hulipwa na mpango kwa njia ya simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Kwa hiyo mume hana haja ya kuuza mbuzi usiku wa manane ili apate nauli. Kama unamiliki gari na unafahamika kwa uaminifu, uliza halmashauri jinsi ya kujiandikisha.

Fedha za mpango huu zimetoka kwa Serikali yetu, kwa Mfuko wa Vodafone, na kwa shirika la misaada la Marekani, USAID. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2025. Mfadhili anaweza kuondoka. Kwa maoni yangu, ni haki yenu katika mkutano wa kijiji kumwuliza diwani: halmashauri yetu imetenga kiasi gani kwa kuwalipa madereva hawa?

Wazo la kutuma nauli kwa simu nalo lina historia nzuri. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa ikitibu fistula bure. Fistula ni ugonjwa wa kuvuja mkojo baada ya uchungu wa muda mrefu. Matibabu yalikuwa bure, lakini wanawake wengi hawakufika, maana hawakuwa na nauli ya basi. Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa M-Pesa kwa mtu anayeaminika karibu na mgonjwa. Mtu huyo alimkatia mgonjwa tiketi. Tatizo halikuwa kisu cha daktari, lilikuwa ni kiti cha basi.

Kwa maswali mengine ya afya, Wizara ya Afya ina namba 199, nayo haina malipo. Na mtu mwenye kifafa asifichwe nyumbani wala asitembezwe kwa waganga. Karatu iko hospitali ya FAME, iliyoanza kama kliniki ya wagonjwa wa nje mwaka 2008 na inayosaidiwa na wafadhili, hasa wa Marekani. Kwa miaka mingi madaktari wa ubongo kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamekuwa wakija hapo kufanya kazi pamoja na matabibu wetu.

KITI KILICHOMWUMIZA KIJANA

Sasa nikueleze kosa langu. Katika kijiji kimoja yupo kijana ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Siku moja wageni walileta viti vya magurudumu. Palikuwa na ngoma, hotuba na picha. Kijana aliketishwa, tukapiga makofi. Mimi nilipiga sana.

Hakuna aliyempima. Kiti kilikuwa cha mtu mzima mnene, naye ni mwembamba. Aliegemea upande mmoja kutwa nzima. Magurudumu yalikuwa membamba, ya sakafu ya hospitali, na miiba ya huku iliyatoboa wiki ya kwanza. Kiti hakikuwa na mto wa kukalia. Kwa kuwa hasikii vizuri makalioni, hakujua kwamba ngozi inaoza. Aliponijia alikuwa na kidonda kinachoingia vidole viwili. Tulikisafisha miezi mitano.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya viti vya magurudumu katika nchi kama yetu. Unasema mtu apimwe, kiti kifae mwili wake na njia anazopita, na afundishwe kukitumia na kukitengeneza. Kiti ni kama kiatu. Hakuna anayekubali kiatu cha mtu mwingine kwa sababu tu ni cha bure.

Kwa hiyo ukiambiwa vifaa vinakuja, uliza: nani atapima? Spea zitapatikana wapi? Hata gongo la kutembelea lipimwe. Mshikio wake uwe usawa wa kifundo cha mkono, mtu akisimama mikono ikiwa chini. Chini ya gongo kaza kipande cha mpira wa tairi ili lisiteleze. Fundi wa kijiji anaweza kazi hii.

Mafundi waliosomea wapo. Mwaka 1981 lilifunguliwa pale KCMC Moshi chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika, na wewe jirani yake huenda hujapata kulisikia jina hilo. Karibu zaidi, Kanisa la Kilutheri lina kituo Usa River chenye karakana ya viungo na mafunzo ya kazi kwa vijana wenye ulemavu. Kijana wetu alipelekwa kupimwa upya. Safari hii nilituma vipimo vyake mapema kwa simu: upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu chini ya goti. Nilieleza pia kwamba njia ya kwenda shuleni ina mchanga na miiba. Kiti chake cha sasa kina magurudumu matatu, na tairi ni za baiskeli ya kawaida. Akipata pancha analiziba mwenyewe.

FEDHA ZA HALMASHAURI

Sheria inaitaka kila halmashauri itoe mikopo kwa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili taratibu zirekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Kumbuka kwamba ni mkopo, lazima urudishwe. Usiuchukue kununulia kiti. Uchukue kwa cherehani, kuku, au duka dogo. Anayehusika ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Mtu mwenye ulemavu asiyeweza kumfuata ofisini amwite kwa simu, aeleze kama tulivyojifunza: yeye ni nani, yuko wapi, anataka kufanya nini na kwa shilingi ngapi.

Kuna pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Makampuni ya simu huuchangia, nao husaidia kujenga minara mahali ambapo makampuni hayaoni faida. Kijiji ambacho bado kinapanda kilima ili kupiga 115 kiandike barua kupitia halmashauri. Katika barua msiseme tu "hatuna mtandao". Andikeni kijiji kina kaya ngapi, zahanati iko umbali gani, na mtu hutembea muda gani gizani kutafuta mtandao. Yule baba wa kilimani amekubali habari yake iandikwe katika barua ya kijiji chao. Mtendaji ameshaipiga muhuri.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu mtandao unapatikana wapi usiku? Ni nani ana simu yenye chaji kila wakati?

2. Mmoja wenu ajifanye anapiga 115 kwa ajili ya mama anayetokwa damu. Wengine wasikilize. Je, dereva mgeni angelipata boma hilo?

3. Ni nani kijijini anatumia gongo, kiti au mguu wa bandia? Mtembeleeni wiki hii mwulize kama unamwumiza.