HESABU PUMZI ZA MTOTO



Upepo wa ziwani ukivuma usiku, asubuhi watoto wengi hapa Kigera huamka wakikohoa. Tunasema, "Ni baridi ya ziwa." Lakini baridi peke yake haina ugonjwa. Usiku wa baridi tunafunga madirisha na kulala tumebanana. Mmoja akikohoa, matone madogo ya mate huruka. Ndani yake mna vijidudu. Wengine huvivuta kwa pumzi.

Vijidudu ni viumbe vidogo mno, macho hayavioni. Vile vinavyoitwa virusi ndivyo vinavyoleta mafua. Viko vya aina zaidi ya 200. Ndiyo maana mtu hupona mafua ya mwezi huu, akapata mengine mwezi ujao. Vingine huitwa bakteria. Baadhi yao hukaa puani mwa mtu bila kumdhuru. Mwili ukidhoofika kwa mafua, surua au njaa, hushuka mapafuni na kuleta nimonia. Wengine huiita kichomi.

Mwili nao unajilinda. Kamasi hunasa vijidudu. Ndani ya njia ya hewa mna vinyweleo vidogo sana. Kazi yao ni kusukuma makohozi juu, usiku na mchana. Kikohozi huyatoa nje. Moshi huvilegeza vinyweleo hivyo. Mtoto aliye mgongoni, mama akisonga ugali kwenye mafiga, huuvuta moshi huo kila siku.

Vijidudu vikipenya, damu hupeleka askari wake, yaani chembe nyeupe. Askari hao huvizunguka na kuvimeza. Mwili hupandisha joto, maana vijidudu vingi havizaani vizuri kwenye joto. Basi kamasi, kikohozi na homa ni dalili kwamba vita vinaendelea. Vita vikiisha, mwili humkumbuka adui yule. Chanjo huufundisha mwili kumjua adui kabla hajaja. Chanjo ya bakteria mkubwa wa nimonia ilianza kutolewa kwa watoto wote Tanzania mwaka 2013. Mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Wapo wanaosema kikohozi kisichokwisha huletwa na kimeo. Humpeleka mtoto kwa fundi akikate. Ndugu, kimeo ni kinyama kinachoning'inia kooni. Kila mtu anacho, mzima na mgonjwa. Vijidudu viko mapafuni, fundi anakata kooni! Mtoto hutoka damu nyingi. Kisu kichafu huingiza vijidudu vingine. Na siku za kumtibu zinapita.

Utajuaje kwamba mwili unashindwa? Mapafu yana vifuko vidogo vya hewa. Katika nimonia vifuko hivyo hujaa maji na usaha. Hewa haitoshi, kwa hiyo mtoto hupumua harakaharaka. Hapa hesabu uliyojifunza kisomoni ina kazi.

Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue kifua. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika 1 nzima, ukitazama saa au simu. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo ukipata hivi:

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Lakini kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, au ana degedege, usikae kuhesabu. Mbebe uende, hata kama ni usiku.

Mganga akimpa dawa, mpe zote kwa siku zote alizosema, hata mtoto akianza kucheza siku ya pili.

Jizoeze leo, mtoto akiwa mzima, amelala. Hesabu pumzi zake, uandike katika daftari lako. Ukipotea katikati, anza tena na moja.